Mwenzetu Akisema Amechoka

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, ili vikundi viweze kuisoma pamoja na kuijadili.

  

 Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ndiye yule anayekuja na daftari kuuliza kama mbuzi wameshachanjwa na kama mkopo umerudishwa. Leo sikuja na daftari hilo. Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida haliingii kwenye ajenda yetu, yaani afya ya akili, na jinsi wanakikundi wanavyoweza kusaidiana, ana kwa ana na pia kwenye simu.

Wacha nianze na swali. Msijibu kwa sauti, kila mtu ajibu moyoni mwake. Katika kikundi chako, katibu anajua ni nani hakuhudhuria. Mweka hazina anajua ni nani anadaiwa. Je, ni nani anayejua mwanakikundi asiyelala usiku? Ni nani anayejua yule ambaye amekuja mikutano mitatu mfululizo, akalipa mchango wake, akakaa kimya, akaenda zake?

Mnaona, tumenyamaza. Basi hapo ndipo tutakapoanzia.

YALIYOTUPATA SISI

Mnakumbuka Machi mwaka wa 2020, korona ilipoingia nchini, makanisa yakafungwa na mikutano ikakatazwa. Kikundi kimoja cha akina mama ambacho mimi hukitembelea kilikataa kufa. Vijana wao waliwafungulia kikundi cha WhatsApp. Mwanzoni kilikuwa cha kutangaza michango tu. Lakini baada ya miezi michache nikaona mambo mengine yanaingia. Mama mmoja anaandika saa tano usiku: "Kuna mtu yuko macho?" Mwingine anajibu: "Mimi hapa, usingizi umekataa." Wanaongea hadi saa saba. Mambo ambayo hawakuwahi kuyasema chini ya ule mti wetu kwa miaka sita, sasa wakayasema kwa kidole, gizani. Mmoja alisema anapigwa nyumbani. Mwingine alisema tangu azike mtoto wake hajasikia tena ladha ya chakula. Mimi nilifurahi. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba kikundi kimekomaa.

Halafu usiku mmoja mwaka wa 2021 mama mmoja akaandika hivi: "Nimechoka. Niangalieni watoto." Hakuandika kingine.

Sasa nataka niwaambie ukweli, hata kama unaniaibisha. Mimi niliuona ujumbe ule. Nilikuwa nimetoka safari, niko kitandani, nikajiambia nitampigia asubuhi. Mimi niliyesomea kazi hii, niliye na diploma yake! Na wenzake pia waliuona. Wakatuma zile picha ndogo za mikono inayoomba. Baadaye nilizihesabu, zilikuwa 17. Hakuna hata mmoja wetu kati ya hao 17 aliyepiga simu, na mimi sikutuma hata hiyo picha.

Ni mweka hazina peke yake ambaye hakutulia. Yeye anakaa ng'ambo ya mto, asingeweza kufika usiku. Alimpigia nyanya mmoja wa kikundi chetu aliye jirani ya yule mama. Nyanya huyo hana WhatsApp. Ana kabambe tu, simu ya kupiga na kupokea. Aliamka, akachukua tochi, akamwamsha mjukuu wake, wakaenda. Walimkuta mwenzetu ameketi jikoni gizani, watoto wamelala. Nyanya hakuhubiri. Aliwasha moto, akateleka chai, akaketi karibu naye. Baada ya muda akamwuliza swali moja, waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Yule mama akajibu ndiyo. Nyanya akasema, "Basi leo nitalala hapa." Asubuhi wakaenda pamoja zahanati, na kutoka huko wakatumwa hospitali ya kaunti, akaonana na muuguzi wa magonjwa ya akili. Yuko hai mpaka leo. Amesikia hotuba hii kabla yenu, nami ninasema haya kwa ruhusa yake.

Lakini haikuishia hapo. Kuna mwanakikundi aliyepiga picha ujumbe ule kwenye simu yake akautuma kwa kikundi kingine, ati "tumwombee huyu." Kufikia Jumapili sokoni kote walijua. Watu walikuwa wakimtazama mama yule kana kwamba ana pembe kichwani. Alikaa miezi mitatu bila kuja kikundini. Aliniambia, "Usiku ule ulikuwa mgumu, lakini Jumapili ile ilikuwa mbaya zaidi."

Sasa fikirini. Simu ilimpa mwenzetu mahali pa kusema. Simu ikamwita nyanya. Simu hiyo hiyo ikamwaibisha mbele ya soko zima. Kwa hivyo mkiniuliza kama kikundi cha simu ni kizuri au kibaya, siwezi kujibu kwa neno moja. Kinategemea sisi tulio ndani yake, na kama tumepatana mambo fulani kabla shida haijafika.

KWA NINI WATU WANAKIMBILIA SIMU

Watu wengi siku hizi wakilemewa na mawazo hutafuta wenzao kwenye intaneti kabla ya kumwona daktari, au badala ya kumwona. Tusiwacheke. Wana sababu.

Sababu ya kwanza ni aibu. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Imewatibu watu wengi wakarudi makwao, lakini sisi tumeligeuza jina lake likawa tusi la kutupiana barabarani. Ni nani atakayesema mbele ya watu kwamba akili inamsumbua, akijua ataitwa hivyo? Kwenye simu anaweza kuandika bila kuonekana uso.

Ya pili ni umbali. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache, na wengi wao wako mijini. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku mbili tatu.

Ya tatu ni saa. Mawazo hayafuati saa za ofisi. Huja usiku, wakati zahanati imefungwa na jirani amelala.

Ya nne ni wale walio mbali. Tuna mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Yule ambaye hatoki nje ya nyumba ya mwajiri, simu ndiyo baraza lake. Huko ndiko anapokutana na Wakenya wenzake na kusema, "Mimi pia yalinipata."

Na maneno hayo, "mimi pia yalinipata", ndiyo nguvu yenyewe. Mtu aliyelemewa anaamini yuko peke yake duniani. Akisikia mwenzake amepita njia hiyo na bado anapumua, mzigo unapungua kidogo. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

KUSAIDIANA KWA NAMNA HII SI JAMBO GENI

Msidhani jambo hili limeletwa na simu za kisasa. Nitawapa mifano minne.

Mwaka wa 1935 huko Marekani, mfanyabiashara mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa safarini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa mlevi aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka ikaharibika. Akasimama hotelini, baa iko pale pale, kiu imempanda. Alichofanya ni kwenda kwenye simu na kuwapigia viongozi wa makanisa, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine ili waongee. Aliunganishwa na daktari mmoja wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Waliongea kwa saa nyingi. Hapo ndipo vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, vilipoanza, na leo viko hata hapa Kenya. Mnaona? Bill hakutafuta mtu wa kumsaidia tu. Alijua kwamba akimsaidia mwingine, naye atasimama. Katika kikundi cha namna hii anayesaidia na anayesaidiwa ni mtu yule yule, kwa zamu.

Mfano wa pili ni wa London. Mwaka wa 1953 kasisi mmoja wa Kianglikana, Chad Varah, alifungua huduma ya simu kwa watu waliokuwa wanafikiria kujiua. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amemzika msichana wa miaka 14 aliyejiua kwa sababu alipoanza hedhi alidhani ni ugonjwa mbaya, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Watu walipoanza kumjia kasisi huyo kwa wingi, wengine wakawa wanangoja zamu. Watu waliojitolea wakawa wanawapa chai na kukaa nao. Baada ya muda kasisi akatambua kwamba wengi, wakishapata chai na mtu wa kuwasikiliza, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Basi mwaka wa 1954 akaiacha kazi ya kusikiliza mikononi mwa hao waliojitolea. Wanaitwa Samaritans, yaani Wasamaria. Mwaka wa 1994 wakaanza kupokea pia ujumbe wa intaneti, kwa sababu waliona kuna watu wanaoweza kuandika jambo wasiloweza kulitamka. Kwa hivyo nyanya wetu na chai yake hakukosea.

Mfano wa tatu uko karibu, Uganda. Mwaka wa 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai, mahali ambapo ukimwi ulikuwa umezika watu wengi, vijiji 30 viliingia katika utafiti. Katika nusu ya vijiji hivyo watu waliokuwa na huzuni nzito, ile ambayo madaktari huiita sonona, waliwekwa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko, waliofunzwa kwa wiki mbili. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Baadaye walibaki 6 au 7 katika kila 100. Kati ya waliochaguliwa katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa 94, wakabaki 55 hivi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2003.

Mfano wa nne ni wa Zimbabwe. Daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana. Alijiua kabla ya kufika hospitali, na familia yake ilisema hawakuwa na nauli ya basi. Daktari akaona kwamba kungoja watu hospitalini hakutoshi. Mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, alianza na akina nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa afya. Aliwafunza kusikiliza, akawawekea mabenchi nje ya zahanati. Mtu anakuja, anaketi na nyanya, wanaongea. Wao huiita shida hiyo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hata sisi tunasema "mawazo mengi", si ndiyo? Hatua zao ni tatu: kufungua mawazo, kumwinua mtu, na kumwimarisha. Halafu huwakaribisha katika kikundi ambako wanaendelea kuongea huku wakisuka mikapu ya plastiki iliyotumika, wapate shilingi kidogo. Kazi hiyo ilipimwa katika zahanati 24 kwa watu 573, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na akina nyanya, 14 hivi katika kila 100 ndio waliokuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Nawaambia haya kwa nini? Kwa sababu vikundi vyenu tayari vina kile ambacho watu hao walilazimika kuanza kukijenga. Mnakutana kila wiki. Mnajuana. Mna katiba, mna viongozi, mna nyanya. Kilichobaki ni kujifunza kusikiliza na kulinda siri.

KIKUNDI KINAWEZA NINI, NA HAKIWEZI NINI

Kikundi kinaweza kusikiliza. Kinaweza kumtembelea mtu, kumsindikiza hospitali, kumshikia mtoto, kumpalilia shamba wiki ambayo hawezi kuinuka. Kinaweza kumkumbusha tarehe ya kuchukua dawa. Kinaweza kumsaidia kugawa shida kubwa iwe vipande vidogo: leo tushughulikie karo, kesho tuzungumze na shemeji.

Kikundi hakiwezi kuwa daktari. Kuna dalili ambazo mkiziona, msikae kuongea tu. Mpelekeni mtu zahanati au hospitali:

- anasema anataka kufa, au anawaaga watu na kugawa vitu vyake;
- anasikia sauti au kuona mambo ambayo wengine hawayasikii wala kuyaona;
- amekaa siku nyingi bila kulala, au bila kula wala kuoga;
- ni mama aliyejifungua karibuni, na anamwogopa au kumkataa mtoto, au anasema mambo yasiyoeleweka;
- amechanganyikiwa ghafula huku ana homa. Hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Na mtu anayetumia dawa za hospitali, asiambiwe na mwanakikundi aziache. Hata kama wewe uliziacha ukapona. Hata kama umeombewa. Maombi na dawa havigombani.

Jambo lingine. Watu wengi huogopa kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Sivyo. Wataalamu wanakubaliana kwamba kuuliza kwa upole na waziwazi hakumpi mtu wazo. Mara nyingi kunampa nafuu kwa sababu sasa hana haja ya kulibeba peke yake. Nyanya aliuliza. Sisi wenye elimu tuliogopa.

HATARI ZA KWENYE SIMU

Nimetaja ya kwanza, siri kuenea. Neno la mdomo husahauliwa. Ujumbe ulioandikwa hauzeeki.

Ya pili ni matapeli. Kuna vikundi vya intaneti vya watu wasiojuana kabisa, maelfu. Vingine vinasaidia kweli. Lakini humo kuna mtu anayesoma ili aone nani amelegea. Anakufuata kando, anakuita dada, anakulilia. Wiki ya pili anaomba M-Pesa. Au anauza chupa ya dawa inayotibu kila kitu. Dawa inayotibu kila kitu haitibu chochote, ndugu zangu.

Ya tatu ni kuzungukia jeraha. Kuna kikundi ambamo kila usiku ni huzuni juu ya huzuni, kila mtu anashindana shida yake iwe kubwa kuliko ya mwenzake. Mkiona mnatoka kwenye simu mmelemewa kuliko mlivyoingia, simameni mjiulize.

Ya nne ni simu ya nyumba. Akina mama wengine hutumia simu moja na mume, au mume huifungua. Kama anayempiga ndiye anayesoma, ujumbe wa kumfariji unaweza kumletea kipigo kingine. Kwa mtu kama huyo, afadhali kukutana kisimani.

Ya tano ni wale wasio na simu ya intaneti, au wasio na bando mwezi huu. Tukihamisha maisha yote ya kikundi kwenye WhatsApp, tunamwacha nyanya nje. Na mmeona kwamba usiku ule alihitajika yeye.

MAMBO TULIYOPATANA

Baada ya mambo hayo, kikundi kile kilikaa chini mara tatu. Kulikuwa na maneno makali. Wengine walitaka yule aliyesambaza picha afukuzwe. Tulifungua katiba. Ilikuwa na faini ya Sh20 kwa mchelewaji, lakini haikuwa na neno hata moja juu ya siri. Ndipo wakaandika mambo haya, nami nawapa mkayajadili, mbadilishe mnavyoona:

1. Kikundi cha simu ni cha wanaojuana. Haingii mtu mpaka wote wakubali, na anayehama anatolewa kwa heshima.

2. Michango na matangazo yana kikundi chake. Mambo ya moyo yana kikundi chake. Visichanganywe.

3. Lililosemwa hapa linakaa hapa. Hakuna kupiga picha ujumbe wala kuutuma mahali pengine, hata kwa nia ya kuombewa. Mwenyewe ndiye anayeamua nani ajue.

4. Siri ina mpaka mmoja. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiumizwa, tunatafuta msaada mara moja, na tunamwambia mwenyewe kwamba tunafanya hivyo.

5. Kila wiki wanakikundi wawili wana zamu. Anayeandika ujumbe mzito, wa zamu humpigia simu papo hapo. Asipopokea, wanampigia jirani yake aende. Kikundi hutenga Sh50 kwa wiki za kredo kwa ajili ya zamu hiyo.

6. Katibu ana karatasi yenye jina la jirani wa kila mwanakikundi, na nambari ya zahanati. Iko pia 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipiwi, na kuna washauri wa kuongea nawe. Ipigeni mkiwa wazima, mjue inavyojibu, kabla ya usiku wa haja.

7. Hatutoi dawa, hatukatazi dawa, hatuuzi dawa.

8. Wa zamu naye hupumzika. Aliyebeba jambo zito, mkutano unaofuata anaulizwa, "Na wewe je, umelalaje?"

Aliyesambaza picha hakufukuzwa. Alisimama akaomba msamaha. Sikuona kama wote walimsamehe siku ile, nami sitawadanganya. Lakini bado yumo.

NENO JUU YA SHERIA

Watu wengi walikuwa wakificha mtu aliyejaribu kujiua kwa sababu ya polisi. Ni kweli, kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari mwaka wa 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa uamuzi kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo hofu ya pingu isiwazuie kumpeleka mtu hospitali. Mficha maradhi, kifo humfichua.

MWISHO

Nimalizie na yule mama. Nyanya alikuwa akimpitia kila Alhamisi, siku ya kikundi, hata wiki alizokataa. Mwezi wa nne akaja, akaketi nyuma. Tulipokuwa tunaandika zile kanuni, mwenyekiti akamwuliza kama ana la kuongeza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Msinitumie tena mikono ya kuomba. Nipigieni simu."

Neno hilo liko kwenye katiba yao sasa, kama nambari ya 9, kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka jana yeye alikuwa na zamu ya usiku. Mwenzake akaandika saa sita. Mweka hazina aliniambia kwamba kabla hajamaliza kuusoma ujumbe ule, yule mama alikuwa ameshapiga.

 Tukapate chai, halafu tukae katika makundi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, mtu akilemewa usiku, atampigia nani? Je, sote tunamjua?

2. Je, katiba yetu inasema nini juu ya siri? Kama haisemi, tungeandika nini?

3. Ni wanakikundi gani hawana simu ya intaneti? Tutahakikishaje hawaachwi nyuma?

4. Zahanati yetu ina siku ya kuwaona wagonjwa wa akili? Nani atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu lini?